Shajara ya mradi: Vifaa vya ufinyanzi wa nyumbani, Mbeya, Mei hadi Oktoba 2024

Jumamosi, 11 Mei 2024. Seti ya vipande 8

Nafinyanga barazani kwangu Uyole, mwisho wa wiki tu. Sina gurudumu la umeme, sina joko (tanuri la kuchomea vyungu). Nilianza mwaka jana kwa ndoo moja ya udongo niliyopewa na wachoma tofali wa bondeni, kisu cha jikoni na kijiko. Vyungu vitatu vya kwanza vilipasuka kabla hata havijakauka, nikaamini kabisa kwamba kilichokosekana ni vifaa.

Kwa hiyo leo nimepokea seti ya vipande 8 niliyoagiza mtandaoni, shilingi 48,000 pamoja na usafiri. Ndani yake kuna sponji, waya wa kukatia wenye vishikio viwili, sindano yenye mpini, kisu cha mbao, vikwangulio viwili vyenye umbo la figo (kimoja cha mbao, kimoja cha bati), na vikwangulio viwili vya kitanzi, kikubwa na kidogo. Vinapendeza machoni. Nitaandika hapa kila kinachotokea pamoja na bei yake, ili anayeanza asinunue alichokinunua mwenzake bure.

Jumamosi, 25 Mei. Wiki mbili baadaye

Vimebaki viwili: kisu cha mbao na figo la bati.

Vikwangulio vya kitanzi vilipinda siku ya pili. Udongo wangu una mchanga na vijiwe, na kitanzi kile ni waya laini ulioshikizwa kwenye mti kwa kipande cha bati. Kilipogonga kijiwe cha kwanza kililala upande, na nilipokinyoosha kikalegea shingoni. Sindano ilichomoka kwenye mpini. Figo la mbao lilinyonya maji, likavimba na kupasuka. Sponji ilianza kuacha chembechembe za njano kwenye ukingo wa bakuli. Waya wa kukatia ulifumuka pale unapofungwa kwenye kishikio.

Waya ndio nimehangaika nao zaidi, kwa sababu bila waya huwezi kukata bonge la udongo wala kutoa chungu kwenye ubao. Nimejaribu hivi:

Waya wa kufungia nondo: mnene mno na unajikunja. Ukishapata kona moja, kila ukikata unaacha mfereji chini ya chungu.

Mshipi wa kuvulia samaki: unakata vizuri bonge dogo. Kwenye bonge kubwa unavutika, kwa hiyo katikati unapanda na chungu kinatoka na kitako chenye kitumbo.

Waya wa ndani wa breki ya baiskeli, shilingi 2,000 kwa duka la spea: huu ndio jibu. Usiutumie ukiwa mzima. Ufumue, chukua nyuzi mbili tu, zisokote pamoja kwa urefu wa sentimita 45, kisha zizungushe mara tatu kwenye vipande viwili vya mwanzi na kuzipitisha kwenye tundu. Waya mmoja wa breki unatoa vikatio vingi, na hauna cha kufumuka kwa sababu mafundo ni yako mwenyewe. Ukisha kuutumia ufute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo.

Sindano mpya ni spoku ya baiskeli iliyonolewa kwenye jiwe. Spoku mbili, shilingi 1,000.

Jumamosi, 8 Juni. Lyulilo

Nimetoka alfajiri, nikapita Tukuyu na Kyela hadi Matema. Jumamosi ndiyo siku ya soko Lyulilo, pale ufukweni mwa Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone, na vyungu vya Wakisi hufika vikiwa vimepangwa ndani ya mitumbwi kutoka Ikombe. Wanaovifinyanga ni wanawake. Vyungu hivyo nimeviona tangu utotoni vikipita Mbeya juu ya mabasi, vimefungwa kwenye nyasi, lakini sikuwahi kuuliza vinatengenezwa kwa vifaa gani.

Nilimkuta mama mmoja mtu mzima amekaa kando ya vyungu vyake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unataka cha kupikia au cha maji?"

Nikamweleza kwamba nanunua kimoja cha kupikia, lakini hasa nimekuja kuuliza anatumia vifaa gani. Akanitazama kidogo, kisha akavuta kikapu kilichokuwa nyuma yake na kukimwaga juu ya kanga. Humo mlikuwa na vipande vinne vya kibuyu vilivyokatwa kwa mikunjo tofauti, gunzi la mahindi, kokoto mbili nyeusi zilizong'aa kama zimepakwa mafuta, kitambaa, na kigae kikubwa cha kitako cha chungu kilichovunjika. Hivyo ndivyo vyote.

Niliomba nikishike kipande kimoja cha kibuyu. Upande mmoja ulikuwa umelika na kuwa mwembamba kama ukucha, laini kabisa, na mkunjo wake ulilingana sawasawa na tumbo la chungu kilichokuwa mbele yangu. Akaniambia vile vipande vinne ni vya sehemu nne: tumbo, bega, shingo na ndani. Kigae ndicho anachokalishia chungu ili akizungushe kwa mkono wakati anajenga.

Nikamwonyesha figo langu la bati. Akalipitisha kwenye kidole gumba.

"Hiki kikali. Kwenye udongo mbichi kitakata, hakitasukuma. Cha mwanzo kiwe laini, kikali kije baadaye, udongo ukishakaza."

Kosa langu la mwaka mzima lilikuwa hapo. Nilikuwa nakwangua udongo mbichi kwa chuma, nao ukuta unapungua upande mmoja bila mimi kujua, kisha unapasuka hapo hapo palipopungua. Kibuyu hakikwangui, kinasukuma udongo kutoka ndani kuelekea nje huku vidole vya mkono wa pili vikiupokea.

Aliniuzia kipande kimoja cha kibuyu na kokoto moja, shilingi 3,000, akasema nyingine nitafute mwenyewe mtoni. Chungu nililipa bei yake mbali.

Jumapili, 16 Juni. Vifaa visivyo na bei

Niliporudi nilitafuta vinavyopatikana hapa hapa Mbeya kwa kazi zilezile. Vilivyofaulu:

Kifuu cha nazi, nazi za sokoni Mwanjelwa. Kata robo kwa msumeno wa chuma, piga msasa hadi kingo zilainike. Kwa ndani ya bakuli sijaona kinachokishinda, kwa sababu kimezaliwa na mkunjo wa bakuli na hakinyonyi maji kama mbao.

Kadi ya benki iliyokwisha muda. Inanyumbuka, kwa hiyo inafuata ukuta wa nje. Moja nimeikata meno kwa mkasi nikapata ya kuchorea mistari.

Ngozi ya kiatu, kipande cha upana wa vidole viwili kutoka kwa fundi viatu. Iloweke, ikunje juu ya ukingo wa kikombe, zungusha mara mbili. Ukingo unatoka laini kiasi kwamba mdomo hauoni kitu.

Kitanzi cha kukwangulia: ule ukanda mwembamba wa chuma unaofungia mizigo mizito, ambao madukani huutupa. Nilikata sentimita 14, nikapinda kwa koleo kupata umbo la tone la maji, nikachomeka ncha zote mbili kwenye mwanzi na kuzikaza kwa uzi wa kushonea viatu. Makali nimeyapata kwa tupa, upande mmoja tu. Chuma hiki ni kigumu na kinarudi chenyewe kikigonga kijiwe.

Sponji ya godoro haifai. Inaachia chembe kama ile ya seti. Natumia kipande cha fulana kuukuu.

Jumamosi, 22 Juni. Kibao cha plasta, jaribio la kwanza

Udongo wa wachoma tofali naulowesha, nauchuja, kisha unakuwa uji unaohitaji kunyonywa maji yake haraka. Kibao cha plasta hufanya kazi hiyo kwa saa chache, maana plasta iliyokauka imejaa vitundu vinavyonyonya. Ndoo mbili na chujio la waya vimenigharimu 16,000.

Dukani nikaulizia jipsamu, ambayo ndiyo inayotengenezea plasta, nikauziwa mfuko wa kilo 25 wa unga wa kuzibia maungio ya dari, 17,000. Nikakoroga, nikamimina kwenye beseni, ukaganda polepole sana. Kilikauka baada ya siku sita. Siku ya kwanza ya kukandia udongo juu yake, uso wake ulianza kutoka unga. Unga ule wa dari umechanganywa vitu vya kuufanya ushike na uchelewe kuganda, haukukusudiwa kubeba maji wala kusuguliwa.

Nimekiondoa. Udongo uliokandiwa juu yake nimeurudisha kwenye ndoo, kwani niliona unga ni kidogo tu. (Tazama 22 Septemba kabla hujafanya hivi.)

Jumamosi, 6 Julai. Meza ya kuzungusha, majaribio matatu

Kigae cha yule mama kinamtosha yeye kwa sababu mikono yake inajua. Mimi nahitaji kitu kinachozunguka kwa ulaini na kusimama ninapotaka.

Jaribio la kwanza lilikuwa sinia la kuzungushia keki, la plastiki, 22,000. Kwa udongo chini ya kilo moja linazunguka. Nilipoweka kilo mbili na kusukuma kwa kibuyu upande mmoja, linainama na kukwama. Limerudi jikoni, huko lina kazi yake.

La pili: fundi wa kuchomelea alinikatia sahani ya chuma ya kipenyo cha sentimita 30, unene milimita 6. Inakaribia kilo 3.3, na uzito huo nilioutaka makusudi, kwa sababu sahani nzito ikisukumwa mara moja inaendelea kuzunguka yenyewe. Nilimpelekea beringi moja ya namba 6203, ambayo tundu lake ni milimita 17 na kipenyo cha nje milimita 40, inapatikana kila duka la spea za pikipiki kwa 4,500. Akaichomelea sahani kwenye mhimili huku beringi ikiwa tayari imevishwa. Moto uliyeyusha grisi na kuunguza mfuniko wa mpira. Ikatoka inakwaruza kama ina mchanga. Pia, hata kama ingepona, beringi moja peke yake inaachia mhimili ucheze: kwenye ukingo wa sahani nilipima mchezo wa milimita 4, na kwa kikombe huo ni ukuta mzima.

La tatu ndilo ninalolitumia. Beringi mbili mpya, 9,000, zimewekwa ndani ya bomba la chuma zikiachana sentimita 6, moja juu na moja chini. Mhimili ulikerezwa kwanza hadi milimita 17, sahani ikachomelewa, ikapoa kabisa, ndipo beringi zikaingizwa kwa kugongwa taratibu. Chini kuna diski kuukuu ya breki ya gari niliyopewa gereji, ndiyo inayoishikilia isitembee mezani. Mchezo kwenye ukingo sasa siuoni kwa jicho. Kazi na chuma, pamoja na kukereza, 38,000.

Ukimpelekea fundi kazi hii, mwambie maneno mawili kabla hajawasha mashine: beringi mwisho.

Juu ya sahani naweka mbao za mviringo za plaiwudi zilizopakwa vanishi, vipande 6 kwa 12,000. Chungu kinaondoka na ubao wake, hakiguswi kikiwa kibichi.

Jumamosi, 13 Julai. Plasta ya kweli

Kilo 5 za plasta ya Paris kutoka duka la vifaa vya meno, 20,000. Uwiano: maji gramu 700 kwa kila kilo ya plasta. Plasta inanyunyizwa kwenye maji, si maji kwenye plasta, inaachwa inywe dakika mbili, ndipo inakorogwa. Iliganda ndani ya nusu saa ikitoa joto. Kingo zote nimezizungusha kwa kisu ikiwa bado laini, na juu yake natandika kipande cha turubai la pamba. Udongo unakauka vilevile na hakuna kinachosugua plasta.

Jumapili, 28 Julai. Vipimo vya kusinyaa, na baridi

Nilitengeneza vigae vitano vidogo, kila kimoja nikachora mstari wa milimita 100 kwa spoku. Vikikauka mstari ni milimita 92. Nimevihifadhi vichomwe ili nione mwisho wake. Udongo mtupu kwanza ulikuwa unapasuka pembeni, basi nilitwanga vyungu vyangu vilivyovunjika na vipande vya tofali bovu, nikachekecha, nikachanganya kopo moja kwa makopo matatu ya udongo. Kupasuka kumepungua sana.

Kutwanga huko nilikufanya bila barakoa mara ya kwanza, na usiku kifua kilibana. Vumbi la udongo lina silika, na silika ikikaa mapafuni haitoki. Tangu hapo nanunua barakoa za kuzuia vumbi, mbili kwa 6,000, natwanga nje, na baraza haifagiliwi ikiwa kavu, inafutwa kwa kitambaa kilicholowa. Kama una fedha ya kifaa kimoja tu mwezi huu, nunua barakoa.

Julai ya Mbeya ni baridi na upepo. Ukingo wa chungu unakauka ndani ya saa tatu, kitako bado kibichi, na ufa unaanzia hapo. Nafunika kwa mfuko wa plastiki shingoni hadi mdomoni, kitako nakiacha wazi juu ya mbao mbili. Hakuna cha kununua.

Jumapili, 18 Agosti. Kuchoma mara ya kwanza

Pipa la lita 200 kwa 35,000, limetobolewa matundu ubavuni. Kuni chache chini, vyungu 11, pumba za mpunga kujaza nafasi zote hadi juu. Wachoma tofali wetu hutumia pumba hizihizi. Zinaungua polepole bila kuhitaji kuchochewa.

Baada ya dakika 40 nilisikia mlio wa kwanza, mzito, kama mtu anapiga ngumi mlango wa mbao. Kisha mwingine. Nilihesabu hadi saba. Jioni nilipofungua, vyungu 7 kati ya 11 vilikuwa vipande, na vipande vilikuwa bapa, vimebanduka kama maganda. Hiyo ni alama ya mvuke: maji yaliyobaki ndani ya ukuta yalichemka na kukosa njia. Vilivyopona ni vile vyenye kuta nyembamba.

Vyungu vile nilivigusa asubuhi ile nikaviona vikavu. Mkono ulinidanganya. Nilimpigia simu mama wa Lyulilo, akaniuliza swali moja tu: "Uliweka shavuni?" Chungu ambacho bado kina maji kinakuwa cha baridi shavuni, hata juani.

Jumamosi, 31 Agosti. Mizani

Nimeongeza mizani ya jikoni, 18,000, kwa sababu shavu langu bado halijajifunza. Kila jioni napima chungu kilekile na kuandika kwa penseli kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Huu ni mtungi mdogo uliokuwa ukisubiri:

Jumatatu gramu 1,412. Jumanne 1,398. Jumatano 1,391. Alhamisi 1,388. Ijumaa 1,388. Leo 1,388.

Siku tatu uzito haujashuka, basi maji yaliyokuwa ya kutoka kwa hewa yametoka. Jumatatu ile ningekwambia mtungi ule ni mkavu, na ulikuwa bado na maji ya kujaza vijiko vya chai vitano hivi. Binti yangu ndiye anayesoma mizani sasa, mimi naandika. Jana aliweka mtungi shavuni, akaniambia, "Baba, leo hauna baridi," kabla hatujapima.

Jumapili, 15 Septemba. Kipima joto, na kuchoma mara ya pili

Kitu cha bei kubwa kuliko vyote: themokapo ya aina ya K (waya ambao ncha yake hupima joto kali) na kisomeo chake, 72,000. Nilisita wiki nzima. Baada ya kuitumia mara moja, naiona ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko nyingine zote humu.

Nilitoboa tundu ubavuni mwa pipa, sentimita 20 kutoka chini, nikaingiza ncha kati ya vyungu viwili. Ratiba niliyoifuata: muda wa saa tatu chini ya nyuzi 100 kwa makaa machache tu chini ya pipa, bila pumba kuwaka. Ndipo nikaacha moto upande. Niliutazama kwa makini ulipokaribia nyuzi 573, kwa sababu hapo kwazi (madini ya mchanga) iliyomo kwenye udongo hubadilika umbo na kutanuka ghafla, na wakati wa kupoa husinyaa hapo hapo. Kupita hapo kwa pupa, kupanda au kushuka, ni ufa.

Saa 3 asubuhi nyuzi 41. Saa 6 mchana 96. Saa 8 mchana 310. Saa 10 jioni 560. Kilele saa 12 na robo jioni, nyuzi 742. Pipa sikulifungua hadi asubuhi iliyofuata lilipokuwa nyuzi 60.

Kosa: kile kichwa cha plastiki kinachounganisha waya na kisomeo nilikiacha karibu na bati la pipa. Kilianza kulainika saa 9. Nilikivuta nyuma na kusimamisha tofali mbili kama ukuta, kikapona na alama. Kiweke mbali tangu mwanzo.

Matokeo: vyungu 12, hakuna mlio hata mmoja. Viwili vina ufa wa kitako, huo ni wa kukauka, si wa moto. Vitatu vya juu kabisa vilitoka na rangi ya udongo mbichi. Nilichukua kigae kilichokuwa pamoja navyo, nikakitia kwenye maji usiku kucha, asubuhi kingo zake zilikuwa zinabonyea kwa kidole. Moto wa juu haukutosha kuufanya udongo kuwa kigae. Vya chini vililala majini vilevile na bado vinalia vikigongwa.

Mstari wa milimita 100 sasa ni milimita 91. Kwa hiyo nikitaka kikombe cha sentimita 9 baada ya moto, nagawanya 9 kwa 0.91, nakijenga cha sentimita 9.9. Nimechonga kipande cha mwanzi chenye alama za vipimo vilivyotanuliwa hivyo, kinakaa kando ya meza.

Jumapili, 22 Septemba. Deni la Juni

Vyungu viwili vilivyotoka salama wiki iliyopita vimeanza kubanduka vyenyewe kabatini. Vinatoa kiganda cha mviringo, ukubwa wa ukucha, na katikati ya shimo kuna nukta nyeupe.

Nilishuku chokaa, maana upande wa Songwe mawe ya chokaa ni mengi, na udongo wa bonde unaweza kubeba chembe zake. Chokaa mbichi hutoa mapovu kwenye siki. Nilitia siki kwenye mabonge matatu ya udongo mkavu usiochomwa kutoka ndoo ileile: kimya. Nikavunja mabonge hayo chini ya taa na sindano, nikapata chembe nyeupe laini zinazopondeka kwa kucha. Siki juu yake: kimya vilevile. Chembe hizo ni za kile kibao cha jipsamu cha Juni, ule unga niliouona ni kidogo. Ndani ya moto hupoteza maji yake, kisha zikiwa kabatini huvuta unyevu wa hewa, huvimba na kusukuma ukuta nje.

Nimemwaga ndoo nzima ya udongo ule, na ndoo nimeisugua. Udongo uliogusa plasta iliyovunjika haurudi kazini hata kwa kuchujwa. Kazi ya wiki sita imekwenda nao, na ningeizuia kwa kuutupa mkate mmoja wa udongo mwezi Juni.

Jumapili, 13 Oktoba. Kuchoma mara ya tatu, na hesabu

Vyungu 14, vyote 14 vizima. Safari hii nilitandika vigae vilivyovunjika juu ya vyungu vya juu kabla ya tabaka la mwisho la pumba, na pumba nikaziongeza mara mbili katikati ya kazi. Kilele nyuzi 768. Kigae cha majaribio cha juu kimelala majini usiku mzima, hakibonyei.

Fedha zilizofanya kazi: waya wa breki 2,000, spoku 1,000, kibuyu na kokoto 3,000, ndoo na chujio 16,000, beringi mbili 9,000, fundi 38,000, plaiwudi 12,000, plasta ya Paris 20,000, barakoa 6,000, mizani 18,000, pipa 35,000, kipima joto 72,000. Jumla 232,000.

Zilizopotea: seti 48,000, sinia la keki 22,000, jipsamu ya dari 17,000, beringi iliyoungua 4,500. Jumla 91,500. Kisu cha mbao cha seti bado nakitumia kila siku, nacho ningekichonga mwenyewe.

Kama ningeanza upya leo, ningenunua waya wa breki na barakoa siku ya kwanza, nikakata kifuu, nikafinyanga mwezi mzima bila kununua kingine, kisha mizani, kisha meza. Kipima joto kingesubiri siku ya moto, lakini moto nao ungekisubiri.

Jumamosi, 19 Oktoba. Lyulilo tena

Nimempelekea mama bakuli moja la moto wa tatu na kikwangulio kimoja cha kitanzi. Bakuli alilipiga kwa kucha, akasikiliza, akaliweka chini bila neno, kisha akalichukua tena na kutazama kitako.

Kitanzi alikijaribu pale pale kwenye chungu kilichokuwa kimekaza, kitakoni. Udongo ulitoka kama uzi mrefu usiokatika. Aliuokota, akausokota vidoleni.

"Kinakula sawasawa. Lakini mpini mfupi, mwanangu. Mkono wangu unachoka kwenye kifundo."

Nilimwomba anyooshe mkono juu ya mpini, nikaweka alama kwa spoku pale kiganja kinapoishia. Wangu una sentimita 14, wake unataka 18. Akaniagiza viwili, kimoja cha binti yake.

Mianzi nimeshaikata, inakauka dirishani.